Mpini wa Graflex, wa kale na wa kuiga: upi ununue, na uuzeeshe vipi kwa hewa ya Mombasa

Upanga wa mwanga anaobeba Luke Skywalker katika filamu ya Star Wars ya 1977 ni mpini wa fleshi ya kamera. Ni Graflex ya mawe (betri) matatu, kazi ya kiwanda cha Rochester, New York, enzi za kupiga picha kwa globu inayowaka mara moja tu ikafa. Mpambaji wa seti Roger Christian aliipata katika duka la vifaa vya picha London, akabandika vipande vya plastiki nyeusi nusu ya chini, akachomeka lenzi ya kikokotoo kwenye kibano, akaweka pete ya kuning'inizia. Basi. Hakuna chuma cha ajabu humo, ndiyo maana nakala yake hujengwa hata na mtu mwenye jiliwa moja na tupa mbili nyumbani kwake Kisauni.

Hapa zinapimwa njia tatu za kuupata mpini huo ukiwa Mombasa: wa kale wenyewe, wa kuiga unaoagizwa nje, na wa kujikusanyia kwenye maduka ya hadiweya. Pamoja nazo zinapimwa dawa na rangi za kuuzeesha. Kipimo ni kimoja, nacho waandishi wa Marekani na Uingereza hawakigusi kwa kuwa hakiwasumbui: hewa ya chumvi. Wao huhangaika namna ya kukichakaza chuma. Kwetu kukichakaza ni shughuli ya jioni moja. Kazi yenyewe ni kukizuia kisiendelee kuchakaa baada ya wewe kuridhika nacho.

Wa kale

Mpini wa asili ni mabomba mawili ya shaba ya njano yanayoingiana, yamefunikwa ngozi nyembamba ya madini meupe. Katikati pana kibano chenye wenzo kinachoyakaza pamoja. Juu kuna masikio mawili yaliyokuwa yakishika bakuli la kurudisha mwanga, ubavuni kuna kitufe chekundu, na chini kifuniko chenye hesi kilichopigwa muhuri wa kampuni. Urefu wake ni robo mita hivi. Njia nyepesi ya kuhakiki vipimo, vya wa kale na vya wa kuiga, ni mawe makubwa ya tochi, yale ya saizi D. Kila jiwe lina urefu wa milimita 61.5 na upana wa milimita 34 na kitu. Matatu yapangike ndani na kifuniko kifunge bila kulazimishwa. Yasipoingia, huo si mpini wa vipimo vya Graflex, hata picha za muuzaji zingependeza vipi.

Bei ni mamia ya dola, na mzima usio na kasoro hupanda zaidi, kwa sababu wanaoutaka ni wengi na kiwanda hakipo tena. Ongeza nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kwenye fomu ya forodha andikisha kilivyo, yaani sehemu ya kamera ya zamani. Muuzaji anayeandika «silaha ya filamu» ili kufurahisha wateja wake anakutafutia safari ya bure ya kwenda kujieleza. Kwa sababu hiyo hiyo achana na wazo la kuagiza sehemu halisi za upanga wa Obi-Wan Kenobi, mhusika mwingine wa filamu hiyo: mwili wake una bomu la kurushwa kwa bunduki la Vita vya Kwanza vya Dunia na kipande cha bunduki ya rashasha. Hata likiwa tupu, bomu ni bomu machoni pa mkaguzi wa bandari.

Pesa si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kikwazo ni kilichomo ndani ya bomba. Mawe ya zamani ya zinki na kaboni yalikuwa na kloridi ya amoniamu au kloridi ya zinki, na mipini mingi iliwekwa kabatini na mawe yake ndani. Yakivuja, kloridi hubaki imeshikamana na shaba. Katika nyumba kavu ya Arizona inaweza kulala tu pale ilipo. Ikifika pwani inaamka. Kloridi na shaba hufanya kloridi ya shaba. Unyevu na hewa huigeuza hiyo kuwa unga wa kijani na kuachia asidi kidogo. Asidi inakula shaba mpya, na kloridi nyingine inazaliwa. Kloridi haipungui katika mchezo huo, ndiyo maana haukomi. Wahifadhi wa makumbusho huuhesabu kuwa ugonjwa, nao huanza unyevu wa hewa ukipita asilimia 45 hivi. Ni lini Mombasa ilishuka hapo?

Kwa hiyo, kabla hujatuma hela, omba picha mbili: ndani ya bomba la chini kwa mwanga wa tochi, na upande wa ndani wa kifuniko. Rangi ya kahawia iliyotulia si neno. Ukoko mweupe au wa kijani unaopukutika ni kazi ya kusafisha kwa wiki kadhaa. Madoa ya waridi ni mabaya zaidi: zinki imeshatoka kwenye shaba ya njano, imebaki shaba nyekundu yenye vitundu, na hapo bomba linaweza kutoboka ukilisugua. Ya kale ni dhahabu, lakini ya kale yenye kloridi ndani ni mashaka.

Neno la mwisho juu ya wa kale: usiuzeeshe. Una miongo kadhaa ya mikwaruzo ya kweli, na kila ukipitisha msasa unakata bei yake. Usafishe, utie nta, ubandike plastiki kwa namna inayobandulika.

Wa kuiga

Nakala zipo za plastiki, za alumini na za shaba. Ya plastiki ni mchezo wa watoto. Ya alumini ni nyepesi mno mkononi, haishiki rangi ya uzee hata uifanyeje, na chumvi huiotesha unga mweupe unaofanana na chokaa. Inayofaa ni ya shaba ya njano, na swali la kumuuliza muuzaji ni kama juu ni nikeli au kromu. Jibu lake ndilo linaloamua kazi yako yote ya baadaye.

Nikeli ina weupe wenye unjano kidogo. Kromu ina weupe wa ubuluu, kama vioo vya kwenye saluni. Nikeli ni laini: msasa namba 600 wenye maji unaifungua pembeni na shaba inachungulia kwa mpaka uliofifia, jinsi uchakavu wa mkono unavyokuwa. Kromu ni ngumu, na chini yake kwa kawaida pana nikeli pia, hivyo ukisugua unapita tabaka mbili kabla ya kuiona shaba, na mpaka wake hutoka mkali kama wa wembe. Wapo wanaoitoa kromu kwa asidi ya haidrokloriki, ile ya kusafishia vigae. Inatoka, ni kweli, lakini maji yanayobaki yana chumvi za kromu zenye sumu, na shaba imeogeshwa kloridi, jambo lile lile tunalolikimbia. Nunua ya nikeli. Kama muuzaji anayo isiyopakwa kitu, shaba tupu, hiyo ndiyo bora kwa anayetaka kujifunza, ingawa itakosa ule weupe wa kwenye filamu.

Kasoro za nakala hizi zinajulikana. Kibano hulegea, kwa sababu wenzo wake umekatwa bila usahihi na haubani hadi mwisho. Dawa yake ni kukunja ukanda mwembamba wa shaba na kuuweka ndani ya kibano. Watu hukimbilia kipande cha kopo la soda, na hapo wanakosea: kopo ni alumini, na alumini ikigusana na shaba penye unyevu wa chumvi huliwa yenyewe kwanza, ikaacha unga mweupe na kibano kimelegea upya. Hesi za kifuniko nazo huwa na vumbi la chuma la kiwandani. Zisugue kwa mswaki na spiriti kabla hujafunga kwa nguvu, la sivyo zitang'ang'aniana na utahitaji fundi wa kukereza akufungulie. Kingo za masikio ni kali; pitisha tupa laini mara mbili tatu. Muhuri wa chini wakati mwingine umechorwa juujuu, na huo ukiusugua ili uzeeke unafutika kabisa, kwa hiyo uzungushie utepe wa karatasi kabla ya kuanza.

Kwa bei ya wa kale mmoja kwa kawaida unapata wa kuiga wa shaba miwili, pengine mitatu. Kwa mkazi wa Mombasa anayetaka kitu cha kuweka ukutani na kushikwa na wageni, huu ndio unaofaa.

Wa hadiweya

Njia ya tatu ina heshima yake. Upanga wa Obi-Wan una gurudumu la bomba la maji la Armitage Shanks, kwa hiyo asiyetaka kuagiza asione haya kuanzia kwenye rafu ya masinki. Tafuta bomba la kutolea maji la sinki, la inchi moja na nusu, lenye kromu: upana wake uko karibu na ule wa nusu ya chini ya Graflex. La inchi moja na robo ni jembamba, litaonekana kama la mtoto.

Tatizo ni kwamba vinavyong'aa dukani si vyote shaba. Beba sumaku. Ikinasa, ni chuma cha kawaida kilichopakwa, nacho kitapata kutu kabla ya mfungo ujao. Isiponasa, bado inaweza kuwa plastiki, alumini au chuma kisichoshika kutu. Gonga kwa kucha: plastiki haina mlio. Kisha kwaruza ukingo wa ndani kwa ncha ya msumari. Ukiona njano, hiyo ndiyo yenyewe. Muuzaji mwenye haraka hatapenda, lakini mwambie mapema unataka shaba na uko tayari kuilipia, akuruhusu kukwaruza mahali pasipoonekana.

Kibano na masikio vinatengenezwa na mafundi wa jua kali. Kipande cha bati la shaba la milimita moja kinatosha. Mpelekee fundi kiolezo cha karatasi ngumu kilichokatwa kwa kipimo halisi. Usimpe picha kwenye simu peke yake, maana picha haina milimita. Mwambie pia asichomelee kwa moto mkali karibu na kromu kwa sababu inageuka rangi, labda kama ndivyo unavyotaka. Kitufe chekundu kinatoka kwenye swichi ya kengele ya mlango. Matokeo hayatamdanganya mjuzi, lakini kwa kujifunzia kuzeesha hakuna darasa rahisi kuliko hili, na ukiharibu unanunua bomba jingine.

Vipande vya kubandika

Plastiki nyeusi ya kushikia ina umbo la herufi T. Wauza alumini na vioo wana mipira na reli za madirisha na makabati ya vioo. Pita na kipande cha karatasi chenye mchoro wa ukubwa halisi, ukate vipande kutoka mabaki yao. Hesabu ya vipande inategemea toleo la filamu unaloliiga, kwa hiyo chagua picha moja tu na uifuate hadi mwisho. Ili vikae sawa, zungushia bomba ukanda wa karatasi, pima mzingo, ugawanye. Ukipata milimita 119 na vipande ni saba, kitako hadi kitako ni milimita 17. Chora mistari kwa penseli kabla ya gundi.

Gundi ya haraka, ile ya tyubu ndogo, ndiyo inayouzwa kila kibanda, na kwa Mombasa ina kasoro mbili. Unyevu huikausha upesi mno, hupati nafasi ya kusogeza kipande. Halafu mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya plastiki nyeusi na juu ya nikeli. Tumia gundi ya tyubu mbili, kama Araldite, isiyo ya dakika tano. Changanya sawa kwa sawa, kwaruza mgongo wa plastiki kwa msasa 180, futa mafuta kwa spiriti, funga kwa mipira ya kubania hela, acha hadi kesho yake.

Kama toleo lako lina riveti, ziwe za shaba. Riveti za alumini ndizo za kawaida dukani, na sababu ya kuzikataa ni ile ile ya kopo la soda. Toboa kwa keekee ya milimita 3.2 kwa riveti za ukubwa huo, na piga alama kwa ponchi kwanza, maana bomba la duara huteleza.

Lenzi ya kikokotoo ya 1977 ilitoka kwenye Exactra ya Texas Instruments, na siku hizi vikokotoo hivyo huwindwa kwa ajili ya kipande hicho tu. Nakala ya plastiki inatosha. Usiitolee jasho la pesa.

Kuzeesha

Kabla ya dawa yoyote, fikiria mkono. Upanga huu hushikwa chini, hufunguliwa kwa kidole gumba karibu na kibano, huning'inia mshipini na kugonga paja. Kwa hiyo nikeli iishe kwenye ukingo wa kifuniko, kwenye ncha za masikio, kwenye wenzo na kuzunguka kitufe. Upande mmoja wa bomba uwe na mikwaruzo ya wima mingi kuliko wa pili. Chini ya kibano paachwe paking'aa, kwa sababu hapajaguswa na kitu. Uchafu ukae kwenye mashina ya vipande vyeusi na kwenye mifereji. Kosa la wengi ni kuchakaza kila mahali sawasawa, na matokeo yake ni kitu kilichosuguliwa, hakionekani kuwa kilitumika. Anayetaka kuona shaba iliyozeeka kweli aende Fort Jesus akaangalie vitu vilivyozamuliwa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Baadaye apite Ndia Kuu kwenye maduka ya vitu vya kale, ambako kuna vya zamani na kuna kazi mpya iliyozeeshwa, na ajizoeze kutofautisha. Iliyozeeshwa huwa nyeusi hata mahali mkono unapofika kila siku.

Msasa ndio kifaa kikuu: 400 pembeni panapoisha kabisa, 800 kulainisha mpaka, 1500 kuua mng'ao wa sehemu nyingine. Siku zote na maji. Pamba ya chuma iache. Huacha nyuzi ndogo zisizoonekana zinazojichomeka kwenye nikeli, na baada ya siku chache za hewa ya bahari kila uzi unakuwa nukta ya kutu nyekundu. Sponji ya kijani ya kusugulia masufuria inafanya kazi ile ile bila madhara hayo.

Shaba iliyofunuka itakuwa na unjano wa kupiga kelele. Kuipoza kuna njia nne zinazopendekezwa sana, na hazilingani kabisa.

Siki na chumvi ndiyo inayosifiwa kila mahali, wakati mwingine pamoja na haidrojeni peroksaidi. Inatoa kijani kizuri ajabu kwa siku moja. Kwetu ni marufuku: unaipaka shaba kloridi kwa mkono wako halafu unaiweka kwenye unyevu. Ndimu na chumvi ya kung'arishia sinia ni ndugu yake. Sinia huoshwa na kutumika kila wiki, mpini wa ukutani hauoshwi.

Kloridi ya feri, ile inayouzwa kwenye maduka ya elektroniki kwa kuchonga saketi, inatoa kahawia ya kuaminika. Kijiko cha chai cha myeyusho kwenye nusu kikombe cha maji, paka kwa brashi ndogo sehemu zilizofunuka tu, hesabu nusu dakika, suuza, angalia, rudia. Ukinunua ya unga, mimina unga kwenye maji, usimimine maji kwenye unga, maana huchemka. Ikikaa muda mrefu inachimba, na inakula nikeli pia. Inafaa kwa mtu anayejua kuosha, na kuosha kwenyewe si kumwagia maji: loweka kwenye maji yenye bikaboneti ya soda usiku mzima, kisha badilisha maji safi mara kadhaa. Magadi yanaweza kuchukua nafasi ya bikaboneti, na kwa kweli chumvi iliyomo kwenye magadi ya Ziwa Magadi ni ya aina ile ile ambayo wahifadhi hutumia kuondoa kloridi kwenye shaba za kale. Ila magadi ya sokoni huja na chumvi ya kawaida ndani yake, kwa hiyo yatumie kuua asidi tu, yasiwe maji ya mwisho.

Maji ya mwisho yawe yale ya betri za magari, yasiyo na madini, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa, pembeni yake huwekwa asidi ya betri, na chupa zinafanana. Maji ya kisima ya kisiwani yana chumvi, na hata ya bomba huwezi kuyawekea dhamana.

Mvuke wa amonia unatoa rangi za kupendeza, kahawia inayoingia buluu, na hauna kloridi. Unafungia kifaa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na kikombe cha amonia pembeni bila kukigusa. Lakini shaba ya njano iliyokunjwa au kubanwa, ikikutana na amonia na unyevu, hupasuka yenyewe. Jeshi la Uingereza huko India lililijua hilo kwa uchungu: maganda ya risasi yalipasuka msimu wa mvua kwa sababu ya amonia iliyotoka kwenye mazizi ya farasi. Kibano chako kimekunjwa na kinakaa kimebanwa. Ukitaka amonia, iwe kwa bomba peke yake. Kibano na masikio visiingie ndooni.

Iliyo bora kwa pwani ni ya kuchekesha kidogo: mayai. Chemsha mawili hadi kiini kiwe kigumu, yakate, yaponde yakiwa bado moto, yatie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na kipande cha shaba, vitenganishwe kwa kikombe ili yai lisiguse chuma, kwa kuwa lina chumvi yake. Gesi ya salfa inaipoza shaba taratibu: asubuhi imekuwa ya asali, siku ya pili kahawia. Shaba ya njano ni nzito kuitikia kuliko shaba nyekundu au fedha, na nikeli haitabadilika cha maana, jambo ambalo hapa ni faida, kwani inagusa pale tu ulipofungua kwa msasa. Mafuta ya vidole huizuia, basi futa kwa spiriti na ushike kwa glavu. Jirani atauliza kuna nini.

Brasso ibaki kabatini wakati wote huu. Inang'arisha, maana yake inafuta, na unga wake mweupe hujikusanya kwenye herufi za muhuri na kukauka humo. Ina amonia pia. Kwa sinia si neno, kwa kibano kilichokazwa si rafiki.

Kufunga, halafu uchafu

Mpangilio ni huu: funga chuma kwanza, kisha weka uchafu juu ya kilichofungwa. Ukipaka uchafu kwenye chuma kitupu umekipa unyevu mahali pa kujificha, na siku usipoupenda huwezi kuufuta.

Pasha mpini joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele hadi uwe wa uvuguvugu, utoe unyevu kwenye viungo, kisha pulizia vanishi angavu isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba. Vanishi ya kupulizia hugeuka ukungu mweupe ikipulizwa hewa ikiwa nzito, kwa hiyo kazi hii ifanywe siku kavu za kaskazi, Januari au Februari, jua likiwa limeshapanda. Wakati wa masika usijaribu. Asiyependa vanishi atumie nta ya magari, ya kopo, isiyo na chembe za kukwangua; inalinda kwa muda mfupi zaidi lakini inarudiwa kwa dakika kumi, na mkononi inapendeza kuliko vanishi.

Kwa uchafu, dawa ya viatu ya Kiwi inashinda rangi za bei. Changanya nyeusi na kahawia, legeza kwa tapentaini kidogo, sukuma kwenye mifereji na mashina ya vipande kwa mswaki wa zamani, subiri ikauke nusu, futa kwa kitambaa ukielekea upande mmoja. Kabla ya kuipaka juu ya vanishi, jaribu sehemu ya ndani ya kifuniko, maana tapentaini hulainisha baadhi ya vanishi. Kiwi ni nta, basi inalinda huku inachafua. Kasoro yake ni joto: kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inayeyuka na kuhamia kwenye kiti. Masizi ya taa yanafaa pia, kidogo sana. Majivu hayafai, yanavuta unyevu.

Mahali pa kuuweka, epuka ukuta unaoelekea bahari na kabati la mbao mbichi. Sanduku lenye vifuko vya silika, vile vya kwenye maboksi ya viatu, linasaidia mradi vifuko vikaushwe kwa moto mdogo kila baada ya muda, kwa sababu vikishashiba havifanyi kitu. Kila masika yakikaribia fungua kibano utazame chini yake na kuzunguka riveti, ndipo kijani huanzia. Ukiona nukta, ichokoe kwa kijiti cha meno, sio kwa chuma. Dondoshea maji ya betri, kausha kwa joto, tia nta. Ikirudi pale pale, basi kloridi imeingia ndani zaidi: toa vanishi yote, loweka upya kwenye bikaboneti, na safari hii usihesabu siku za kubadilisha maji, badilisha mpaka nukta isirudi.